Kimya kingi cha kitanda namba nne

Wewe unayeanza kazi kwenye wodi ya upasuaji wa moyo utazoea upesi mirija ya kifuani, presha na mapigo. Akili ya mgonjwa ndiyo isiyo na mashine ya kuipigia kengele.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Kampala nilimpokea mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu wa West Nile, siku ya pili baada ya kubadilishiwa vali. Haombi kitu. Anakunywa uji vijiko viwili, anageukia ukutani. Nikaandika kwenye faili: "Ametulia." Jirani yake alikuwa aking'oa kanula, kile kimrija cha dawa mshipani, na kuita ng'ombe wake, basi wote tukamkimbilia huyo. Binti wa mzee ndiye aliyenivuta kando: "Sista, baba yangu hanyamazi hata usingizini. Huyu siye." Kumbe ilikuwa deliriamu, yaani kuchanganyikiwa akili kwa ghafla, ile ya kimya, na nyuma yake nimonia ilikwisha kuanza.

Kwa hiyo usimuulize "unajisikiaje, mzee?" ukaridhika. Atakujibu "salama" hata kama hajui yuko wapi. Adabu hutangulia akili. Mpime umakini. Siku za juma kinyumenyume ni rahisi mno kwa Kiswahili, maana Jumatano, Jumanne, Jumatatu zinateremka zenyewe. Mpe miezi aitaje kuanzia Desemba kurudi nyuma, kwa lugha anayoiotea ndoto. Na uangalie saa! Nimeona mwanafunzi akiandika "amechanganyikiwa" kwa kuwa mzee alisema ni saa mbili asubuhi, naye alikuwa akisubiri saa nane ya Kizungu. Mzee alikuwa sahihi.

Ukishamgundua, tafuta chanzo: maambukizi, maumivu, oksijeni, mkojo uliozuiliwa, choo kigumu, dawa. Usikimbilie diazepamu ili alale, mara nyingi inazidisha. Mrudishie miwani na meno yake, mkalishe karibu na dirisha mchana, na usiku usimwamshe bila sababu. Muuguza wake aliyelala mkekani usimfukuze. Sauti anayoijua inafanya kazi ambayo wewe huiwezi.

Waambie na watu wa nyumbani kwamba deliriamu ikiisha, akili bado inaweza kuchelewa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001, kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo, uwezo wa akili ulikuwa umeshuka kwa asilimia 53 yao walipotoka hospitali. Baada ya miezi 6 walibaki asilimia 24. Baada ya miaka 5 ilipanda tena hadi 42, ingawa hapo uzee na mishipa mibovu ya ubongo navyo vina mkono wao. Mambo ya kuuza shamba yangoje.

Mzee wangu alirudi kliniki wiki ya sita, akaniita afande, akanisimulia kambi zote alizowahi kukaa. Alipoondoka, kadi yake ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ilibaki kitini. Binti aliichukua bila kusema neno, akaitia kwenye mkoba wake.