Ruzuku ya mbolea: fedha huenda wapi, na kwa nini mifuko haitoshi shamba?

SWALI: Mimi ni mkulima wa mahindi katika Kaunti ya Trans Nzoia, Kenya. Tunaambiwa kwamba serikali hutulipia ruzuku kila msimu, lakini sijawahi kupokea hata shilingi moja kwenye simu. Tena, mimi hulima ekari tano, ilhali vocha niliyotumiwa msimu huu ilikuwa ya mifuko miwili tu. Je, haki yangu imepotelea kwa nani?

JIBU: Kuhusu fedha, hakuna kilichopotea, kwa sababu ruzuku hii haikupangwa kumfikia mkulima ikiwa pesa taslimu. Imefichwa ndani ya bei. Mpango huu ulipoanza mwaka 2022, wakati mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulikuwa ukiuzwa madukani kwa zaidi ya shilingi 6,000, mkulima aliyesajiliwa aliuziwa kwa shilingi 3,500, na mwezi Agosti 2023 bei hiyo ikashushwa hadi shilingi 2,500. Pengo lililo kati ya bei ya soko na kile unacholipa kwenye ghala linalouza mbolea hiyo ndilo ruzuku yako, na serikali humlipa anayeleta mbolea, si wewe. Kwa hiyo asiyeitumia vocha yake kununua mbolea hapati chochote, hata kama jina lake limo kwenye orodha.

Suala la mifuko miwili ni zito zaidi, na hapa ndipo ninapoona wakulima wengi wakiumia bila kujua chanzo. Idadi ya mifuko hutokana na ukubwa wa shamba ulioandikwa kwenye rejista ya kitaifa ya wakulima, iitwayo KIAMIS, pamoja na jina lako, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na mazao unayolima. Mfumo hauioni ardhi yenyewe. Unaona tarakimu tu. Nimekutana na wakulima waliotaja ekari moja pekee wakati wa usajili kwa hofu kwamba taarifa hizo zingetumiwa kuwatoza kodi, na wengine waliotaja kipande chao cha urithi wakaacha kabisa lile shamba la kukodi, ambalo ndilo linalowapa mavuno makubwa. Ikiwa ekari zako tatu au nne ni za kukodi, anza kuchunguza hapo. Kwa maoni yangu, kumtegemea mkulima ajitajie ekari zake bila kuzihakiki msimu kwa msimu ni udhaifu mkubwa wa mpango huu, kwa kuwa mashamba ya kukodi hubadilika mikono karibu kila mwaka.

Nenda kwa chifu au naibu chifu wa eneo lako ukiwa na kitambulisho, na ikiwa umekodi, beba mkataba wa kukodi, kisha uombe usomewe taarifa zako zilivyoandikwa, usahihishiwe ekari, na uhakikishe kwamba nambari ya simu iliyomo ni ile unayoitumia sasa. Afisa wa kilimo wa wadi, ambaye ni mwajiriwa wa kaunti, anaweza kukuongoza, ingawa vocha zenyewe hutolewa na serikali ya kitaifa. Kulalamika kwa gavana peke yake hakutabadilisha rejista. Fanya hivyo mapema, kabla ya mvua za masika, kwa sababu mbolea ya kupandia inayofika mahindi yakiwa yameshaota haina kazi iliyokusudiwa.

Piga pia hesabu ya usafiri kabla ya kwenda ghalani. Tuseme mfuko sokoni ni shilingi 5,500, nawe unalipa 2,500: ruzuku ni 3,000. Ukitumia shilingi 800 kufikisha kila mfuko nyumbani, umebakiwa na 2,200, na ukirudishwa mara mbili kwa kukosa mbolea, nauli hiyo nayo inakatwa humo humo. Wakulima wanne au watano wa kijiji kimoja, kila mmoja akiwa na vocha yake, wanaweza kukodi gari moja na kuigawana gharama hiyo.