Maji Yaje Mwisho: Kufumua Rasta na Wivingi kwa Msusi Anayeanza

Msusi mgeni hupewa kufumua kwa kuwa watu huiona kazi nyepesi. Kusuka kunataka mkono, kufumua kunataka kukaa tu na kitana. Ndivyo isemwavyo Mwanakwerekwe, Unguja, ndivyo isemwavyo Chake Chake na Wete, Pemba. Matokeo yake, kazi inayoweza kuharibu kichwa cha mtu kuliko nyingine zote saluni huachiwa yule asiyejua bado. Nywele zilizovumilia miezi miwili ya rasta hukatika siku moja, ile ya kuzitoa, na hukatikia karibu na ngozi, kwenye sentimita mbili za mwisho. Hapo ndipo pa kutuliza macho.

Tazama kilichopo pale. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hivyo aliyekaa na rasta wiki nane ana nywele mpya za sentimita 2 hivi baina ya ngozi na mahali rasta ilipoanzia. Katika pengo hilo hujikusanya vumbi, mafuta, mba, nyuzi za mtandio, na nywele zilizokwisha kung'oka zenyewe zikakosa pa kutokea. Ukiinua rasta moja utaona kwenye shina lake kijifundo cha kijivu, mfano wa sufi iliyolowa ikakauka. Huku visiwani kijifundo hicho huwa kigumu, maana kichwa hakikai kikavu: jasho la kaskazi, kupaka maji kwa udhu, josho la janaba ambalo maji lazima yafike ngozini, kisha ushungi juu yake kabla hakijakauka. Kila kinapolowa na kukauka, uchafu huzidi kushikana.

Msusi mwenye pupa hutoa rasta zote, hukiacha kijifundo kama kilivyo, na humpeleka mteja kwenye sinki akidhani shampuu itakiyeyusha. Haikiyeyushi. Maji matupu huzifanya nywele zetu zijikunje, nazo zinapojikunja huushika uchafu ndani, na vidole vinavyosugua povu humalizia kazi. Linalotoka hapo ni bonge, na bonge lililokauka mara nyingi dawa yake ni mkasi. Kanuni ya kushika basi ni hii: maji matupu yasiguse kichwa mpaka kila kijifundo kimefunguliwa na chanuo linapita kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama.

Vifaa ni vichache. Chanuo lenye meno mapana, kitana chenye mkia mrefu (wa plastiki ni salama zaidi kwa anayeanza, wa chuma huchoma ngozi), mkasi mdogo, klipu nne au tano, chupa ya kupulizia, mafuta na kondishena. Kwenye chupa ya mililita 250 tia maji mililita 200 na kondishena vijiko viwili vya chakula, tikisa mpaka ichanganyike. Mchanganyiko huu si maji matupu: kondishena huteleza, ikaacha uchafu ujitenge na unywele. Mafuta ya nazi yanatosha kabisa, tena ni katika mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele. Asubuhi za kipupwe utayakuta yameganda chupani, kwani huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Usidhani yameharibika, iweke chupa kwenye bakuli la maji ya moto kidogo yatarudi.

Kabla ya kumfungua mteja kichwa, funga mlango au shusha pazia. Wengi wanaokuja wamejistiri, na hili si la kusubiri mpaka aombe. Kisha muulize mambo matatu: rasta zimekaa muda gani, nywele zake mwenyewe zina urefu gani, na zina dawa ya kulegeza au hazina. Suali la tatu ndilo linalosahauliwa. Mwenye nywele za dawa aliyekaa miezi miwili ana unywele wa namna mbili: chini mpya wenye nguvu, juu wa zamani uliolegezwa. Pale zinapokutana ndipo padhaifu kuliko popote, na kwa bahati mbaya pako palepale kwenye kijifundo. Kichwa cha namna hiyo kihesabie nusu ya muda zaidi.

Suali la urefu linahusu mkasi. Kukata rasta kunaokoa muda, lakini wengi wamekatwa nywele zao pamoja na rasta, kwa kuwa msusi alikisia kwa macho. Usikisie. Ipitishe rasta baina ya vidole kuanzia juu: nywele za mtu ni nene na zina mikunjo, rasta ni laini na inateleza. Utahisi mahali ambapo msuko unakonda ghafla. Shuka vidole vinne chini ya hapo ndipo ukate, na fanya hivyo kwa rasta kadhaa za mbele, za utosini na za kisogoni, maana nywele hazilingani kichwa kizima. Muoneshe mteja kwenye kioo mahali unapotaka kukata, akubali kwanza. Asipojua urefu wake na wewe ukawa na shaka, fumua kutoka nchani hata kama ni saa tatu. Ncha zilizochomwa kwa kiberiti lazima zikatwe kwa hali yoyote. Ile plastiki iliyoyeyuka haifumuki.

Gawa kichwa mafungu manne, uyabane kwa klipu, uanze kisogoni. Nywele za mbele na za pembeni ni nyembamba, ziache mpaka mkono wako ushapata mwendo. Fumua kila rasta kwa mkia wa kitana ukipanda kuelekea ngozini, na ukifika vidole viwili kutoka shinani weka kitana chini. Hapo kazi ni ya vidole.

Rasta za fundo na zile zisizo na fundo hazitoki kwa njia moja. Za fundo zimefungwa shinani kwa kuzungushwa, kwa hivyo ingiza mkia wa kitana ukiulaza sambamba na ngozi, legeza kitanzi, kisha rasta itateleza yenyewe. Usiusimamishe mkia kama unachimba. Zisizo na fundo zimeongezwa rasta kidogokidogo, kipande kimoja juu ya kingine, na kila kipande kimeshikana na nywele kwa kimo chake. Ukikamata rasta zote kwa mkupuo ukavuta, cha chini huburuta nywele huku cha juu kimezishika. Toa kipande kimojakimoja kwa mpangilio, kilicho chini zaidi kwanza.

Rasta ikishatoka, kijifundo kimebaki. Tia tone mbili za mafuta au kondishena juu yake, endelea na tatu au nne za jirani, halafu rudi. Dakika tano zinatosha kulainika. Shika shina kwa mkono wa kushoto, karibu kabisa na ngozi, ili mvuto wowote uishie kwenye vidole vyako na usifike kwenye mzizi. Kwa mkono wa kulia tanua kijifundo kwa upana, kama mtu anayechambua pamba. Usikivute kuelekea nchani, maana hapo unazidi kukikaza. Kikishafunguka na kuwa utando, ndipo upitishe chanuo, tena kuanzia nchani, ukipanda kidogokidogo. Chanuo likikwama, simama. Usiongeze nguvu, ongeza kondishena.

Fungu likimalizika lichane zima, lisokote msokoto mmoja mnene, libane pembeni. Fungu lililoachwa wazi hujifunga upya na la jirani, na kazi ya saa nzima hupotea.

Sasa utaona nywele zinatoka, tena nyingi, na mteja ataona. Mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila ya ugonjwa wowote. Zikiwa zimesukwa haziendi popote. Siku 56 ni nywele 2,800 hadi 5,600 zinazokusubiri wewe, na kwa macho ni bonge linalojaza kiganja. Mueleze kabla hujaanza, asije akaona amenyonyolewa. Lakini na wewe usijifiche nyuma ya hesabu hiyo. Chukua nywele chache zilizotoka uzitazame kwenye mwanga: yenye kichwa cheupe kidogo upande mmoja ilikwisha kuanguka yenyewe, wala huna kosa. Fupifupi zisizo na kichwa zimekatika mkononi mwako. Ukiziona hizo nyingi, mwendo wako ni wa haraka au umekausha mno.

Wivingi ya kushona inataka macho zaidi ya subira. Mateso yake ni uzi mweusi juu ya nywele nyeusi. Kaa karibu na dirisha au washa taa, inua mshono wa wivingi mbali na kichwa, na ukate uzi ule unaoonekana baina ya wivingi na mstari uliosukwa chini, ncha ya mkasi ikielekea juu. Tafuta fundo la mwisho, kwa kawaida utosini, anza hapo. Uzi uliokatwa uvute kwa vidole. Ukikataa kuja, kuna mahali bado umeshikwa, tafuta, usiulazimishe. Wembe uache kabisa. Kile kidude cha mafundi cherahani cha kufumulia mshono ni kizuri kuliko mkasi, na bei yake haitishi. Na siku utakayoshona wewe, tumia uzi wa buluu iliyoiva au wa kahawia. Atakayefumua atakuombea dua. Wivingi ikishatoka, mistari ya chini hufumuliwa kuanzia kisogoni, na vijifundo vyake hufunguliwa kama nilivyokwisha kusema.

Ya krosheti, ile inayopachikwa kwa vitanzi kwenye mistari iliyosukwa, ni rahisi: kata rasta kama vidole vitatu kutoka kwenye mstari, fumua mstari, na vitanzi vitadondoka.

Wivingi ya gundi ndiyo inayong'oa nywele, na kinachong'oa ni kubandua. Gundi ile nyeusi ya wivingi hushindwa na mafuta. Paka mafuta kwa wingi kwenye mstari wote wa gundi, juu na chini, vika kofia ya plastiki, subiri dakika 20. Jaribu pembe moja; ikiteleza endelea, ikikaza rudia mafuta. Mabaki yafikiche kwa vidole yajiviringe kama mabaki ya kifutio. Mgeni wa hoteli za Nungwi au Paje anaweza kukujia na vipande vilivyounganishwa kwa keratini (gundi ngumu inayoyeyushwa kwa moto) au kwa utepe. Hivyo vina dawa yake maalumu ya kuyeyushia, na vya keratini hutaka na koleo ndogo ya kuvunjia kiungo. Kama huna, usipokee kazi hiyo kwa mafuta ya nazi na matumaini.

Baada ya hapo ndipo maji. Osha nywele zikiwa ndani ya ile misokoto minne, maji ya vuguvugu yakishuka kutoka juu, wala usizirundike zote utosini kama unafua. Shampuu ipakwe kwenye ngozi kwa ncha za vidole, kucha zisiguse, mara mbili. Kwenye mitaa ya pwani yenye visima vya maji ya chumvichumvi povu huwa dogo. Usiongeze shampuu juu ya shampuu, ichanganye kwanza kwenye kikombe cha maji. Kondishena dakika tano hadi kumi, chana ikiwa bado imo, suuza. Nywele mbichi hunyumbuka na kukatika upesi, kwa hivyo zikamue kwa kanga kuukuu ya pamba badala ya kuzisugua kwa taula. Mteja asitoke na ushungi juu ya nywele mbichi: joto na unyevu huleta harufu na huzidisha mba. Siku za masika nywele hukawia kukauka, basi wape miadi ya asubuhi.

Ngozi ikishakuwa wazi itazame. Vipele vyenye usaha kwenye mapaji, au ngozi iliyopauka na kung'aa pasipo na vitundu vya nywele, hivyo si vya saluni; mwambie kwa upole aende hospitali, na mwambie mapema, kwa sababu palipokwisha kuwa kovu hapaoti tena. Ukiona mapunye, simamisha kazi. Hupita kwa vitana. Kila kitana kioshwe kwa sabuni na kitolewe nywele zote, kisha kilowekwe dakika 10 kwenye maji yenye Jik, sehemu 1 kwa 9, na kisuuzwe. Kufanya hivyo kwa kila mteja ni bora kuliko kungoja kuona.

Dawa ya kulegeza isipakwe siku hiyo. Ngozi imekunwa na kuchanwa saa nzima, itaungua. Wiki mbili ndiyo nafuu. Kusuka tena nako kusubiri wiki moja au mbili, na mistari mipya isipite palepale pa zamani, ili mizizi ileile isibebe mzigo mara mbili mfululizo.

Ugumu upo mwisho wa Ramadhani. Mteja atakuja usiku wa tarehe ishirini na nane na rasta za tangu Rajabu, anataka zitoke na nyingine ziingie kabla ya takbiri, na nyuma yake wamekaa sita. Waandikie wa kufumua siku zao kabla ya kumi la mwisho, uwaambie tangu Shaabani. Aliyechelewa mfumue vizuri, muoshe, mfunge mabutu mawili yaliyolegea. Chini ya ushungi wa sikukuu hakuna atakayeyaona.