Usihuishe kabla ya kuijaribu hadithi nzima

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuanza kuhuisha, yaani kuchora picha za mwendo, onyesho la kwanza wakati hadithi ya filamu yako ya katuni ya dakika 90 haijakamilika. Nakusihi usubiri. Sekunde 1 ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana; hata ukitumia mchoro 1 kwa kila fremu 2, dakika 90 zinadai michoro 64,800, tena kwa mhusika mmoja tu. Onyesho likikatwa baadaye, jasho la miezi limepotea.

Chora kwanza hadithi yote kwa penseli, michoro ya haraka isiyo na urembo. Ipange kwenye programu ya kuhariri video, weka sauti za muda, kisha itazame mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha. Hapo ndipo utaona inapozorota, na mara nyingi ni katikati. Kata, chora upya, tazama tena. Waonyeshe watu wasioijua hadithi, na usiwaeleze chochote: wakiuliza "huyu ni nani?", kasoro iko kwenye picha.

Sauti halisi za waigizaji rekodi kabla ya kuhuisha, kwa kuwa midomo hufuata sauti. Ukigeuza mpangilio huo, mwigizaji atakimbizana na midomo na hisia zitakauka. Mandhari na rangi unaweza kuzijaribu wakati huohuo.