Maswali ya wasomaji: mdomo unakauka, karatasi inatetemeka

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka kila pembe ya Lubumbashi, na nyingi zinalia kilio kimoja: kusimama mbele ya watu. Tumechukua nne, tukazifupisha na kuacha majina.

Niko mwaka wa mwisho chuoni. Baada ya wiki tatu natetea TFC yangu, kazi ya kumalizia masomo, mbele ya juri ya walimu watatu, dakika 15. Chumbani peke yangu nasema vizuri. Mbele ya wenzangu sauti inapanda, mikono inatetemeka, na yote niliyoyakariri yanapotea. Kifaransa nacho kinanitisha. Nitafanya aje? (Mwanafunzi, Katuba)

Mdogo wetu, kwanza ujue kinachokupata. Mwili ukiona macho mengi yamekuelekea, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakimbia, damu inavihama vidole na kukimbilia misuli mikubwa, ndiyo maana vidole vinakuwa baridi. Mate yanapungua. Pumzi inapanda kifuani na kuwa fupi, na pumzi fupi ndiyo inayopandisha sauti na kukukata katikati ya sentensi. Katika hayo yote hakuna linaloonyesha kwamba huijui kazi yako.

Tena wimbi hilo halidumu. Kwa watu wengi kilele chake ni pale jina linapoitwa na dakika moja au mbili za kwanza za kusema, kisha linashuka lenyewe. Kwa hiyo usizigawie dakika zote 15 nguvu sawa. Zile mbili za kwanza zitayarishe kana kwamba ndizo mtihani mzima.

Kosa lako kubwa liko kwenye neno "niliyoyakariri". Maandishi yaliyokaririwa neno kwa neno ni shanga kwenye uzi mmoja: uzi ukikatika mahali pamoja, zote zinamwagika. Kariri sentensi tatu za kwanza na mbili za mwisho, basi. Za kwanza ziwe nyepesi: salamu kwa juri, kichwa cha kazi, swali ulilolitafutia jibu. Sehemu ya katikati iandike kwa maneno ya kukumbusha tu, matano au sita kwa kila sehemu, herufi kubwa, kwenye vipande vya bristoli, ile karatasi nene, vya ukubwa wa nusu daftari. Usishike karatasi ya A4 mkononi. Ni ndefu na nyepesi, mtetemeko mdogo wa vidole inaufanya bendera, nawe ukiuona unaogopa zaidi. Bristoli ni ngumu, haikusaliti. Vipande vipe namba. Vikianguka vikiwa havina namba, umekwisha.

Hesabu pia maneno. Kifaransa cha utulivu ni kama maneno 120 kwa dakika. Dakika 15 zingebeba 1,800, lakini panga 1,500, maana mwenye hofu hukimbia mwanzoni na kukwama katikati, na juri ikikukata kabla ya hitimisho ni hasara tupu. Slaidi zisizidi 12. Chapisha nakala nne za slaidi hizo, tatu za juri na moja yako. Umeme wa mji huu unaujua mwenyewe.

Sasa zile wiki tatu. Wiki ya kwanza sema kazi yote kwa sauti, umesimama, mara moja kwa siku, simu ikikurekodi. Kusoma kwa macho kitandani hakuhesabiwi. Mdomo haujajifunza kitu. Wiki ya pili tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza, siku mbili baadaye watatu, kisha sita, na kati yao awemo mmoja unayemwogopa kidogo. Hofu ikipanda katikati usiache. Ukikimbia ikiwa juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikuokoa, na safari ijayo itaanza mapema zaidi. Ukibaki hadi ishuke, mwili unajifunza kinyume chake. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia: wanafanya zoezi, wanatetemeka, wanaomba radhi na kukaa, halafu wanasema mazoezi hayasaidii. Wiki ya tatu omba kuingia katika chumba chenyewe. Simama utakaposimama, tazama juri itakaa wapi, jaribu waya wa projekta, sema zile sentensi tatu kwa sauti ukiwa hapo hapo.

Siku yenyewe, dakika tano kabla ya kuitwa, vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, itoe kwa mdomo polepole ukihesabu 6, mara tano. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Usivute kwa nguvu na haraka: utapoteza kaboni dayoksaidi nyingi, midomo itafa ganzi na kichwa kitazunguka, halafu udhani unazimia. Magoti yalegeze kidogo. Anayeyakaza kama fimbo damu inatuama miguuni, na wapo wanaoanguka kweli. Kahawa ya asubuhi hiyo iache, inaongeza mtetemeko. Maji ya kawaida, funda dogo dogo.

Usihangaike kujiambia "nitulie, nitulie". Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo waliojiambia wamechangamka kabla ya kuhutubia walisema vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Moyo unaokimbia ni rahisi kuugeuza kuwa hamu kuliko kuusimamisha.

Kuhusu Kifaransa: juri inakisahihisha kwenye maandishi, na hayo umeshayatoa. Mdomoni tumia sentensi fupi, kiini kimoja, kitenzi kimoja. Anayejenga sentensi ya mistari minne ili aonekane msomi ndiye anayepotelea katikati. Maneno magumu ya fani yako, kama kumi hivi, yatamke kwa sauti mara 20 kila moja hadi ulimi uyazoee. Swali likija, liandike neno moja, lirudie kwa maneno yako, nyamaza sekunde tatu, ndipo ujibu. Sekunde tatu kwako ni mwaka. Kwao ni mtu anayefikiri. Kama jibu huna, sema kazi yako iliishia wapi na kwa nini. Karibu kila juri itauliza kwa nini ulichagua watu hao, kwa nini idadi hiyo, na matokeo yanajibu vipi swali la mwanzo. Hayo matatu uende nayo tayari.

Mimi ni mwandishi wa likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, wamama 40. Kanisani nasoma Neno bila shida. Lakini nikiambiwa nieleze hesabu za mwezi, nasoma karatasi kwa mbio, kichwa chini, na wanacheka. Wananiambia nijifunze kusema bila karatasi. (Mama, Ruashi)

Mama, karatasi usiiache. Hesabu za watu hazisemwi kwa kichwa. Franga moja ikikosewa ni ugomvi. Hotuba ya Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960, inayotajwa hadi leo, aliisoma kwenye karatasi. Shida yako ni namna ya kuisoma. Andika upya kwa mistari mifupi, wazo moja kwa mstari, na nafasi nyeupe katikati. Tazama mstari, uchukue, inua kichwa, sema ukimtazama mama mmoja hadi mstari uishe, ndipo urudi chini. Usiseme ukiwa unatazama karatasi. Mwanzoni utaona ni polepole mno, ila wasikilizaji hawaoni hivyo. Kila unapotaja kiasi cha pesa, nyamaza kidogo, waandike.

Kucheka nako tusikupe uzito usio nao. Tunapoogopa tunaamini moyo wetu unaonekana kama kupitia dirisha. Watafiti Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba wasikilizaji huona hofu ndogo kuliko ile msemaji anayodhani inaonekana, tena waliojulishwa jambo hilo mapema walisema vizuri zaidi. Umejulishwa.

Nimechaguliwa msemaji wa familia siku ya kupeleka mahari ya mtoto wa kaka yangu. Wengine wananiambia nimeze kwanza kidogo lutuku, ile pombe kali. Mwingine amenipa kidonge cha moyo, anasema wanamuziki wanakitumia. Nifuate yupi? (Baba, Kamalondo)

Baba, usimfuate yeyote. Lutuku hutengenezwa nyumbani, na nguvu yake haijulikani hata kwa aliyeipika. Pombe inapunguza hofu, ndiyo, lakini inapunguza pia ulimi, kumbukumbu, na ule uwezo wa kujisikia kwamba umeanza kusema ovyo. Na harufu, mbele ya wakwe! Halafu ukifaulu mara moja, safari ijayo mwili utaidai.

Kidonge hicho huenda ni propranololi. Ni kweli hutuliza mapigo ya moyo na mikono inayotetemeka. Lakini kwa mwenye pumu kinaweza kuziba kifua, mwenye moyo wa polepole au presha ya chini kinaweza kumwangusha, na mwenye kisukari anayetumia insulini kinamficha dalili za sukari kushuka. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari aliyekupima, wala haijaribiwi kwa mara ya kwanza siku ya shughuli. Ukiletewa valiumu, kataa pia: inalaza, na ikichanganywa na pombe inaweza kudidimiza pumzi.

Kinachomwangusha msemaji wa mahari, kwa kawaida, ni majina. Ukimruka mjomba wa binti, yote mazuri uliyosema yanasahauliwa. Siku mbili kabla, pata kwa mtu wa upande wa pili majina ya wakubwa watakaokuwepo, kwa mpangilio wa heshima, yaandike kwenye bristoli ya mfukoni, na mwombe akutamkie yale magumu. Ile njia ya mkato ya "protokoli yote imeheshimiwa" iache kwa mikutano ya ofisi. Hapa wazee wanataka kusikia majina yao. Salamu hizo zishike barabara, maana zinakuvusha zile dakika mbili tulizomwambia mwanafunzi. Mkae na wenzako mkubaliane mapema kiasi mlichobeba, na nani atakugusa bega ukienda nje ya mstari.

Nashika mikro kwenye kundi la vijana kanisani. Kila nikianza inapiga yowe, naogopa, nasahau yote. (Msichana, Kampemba)

Yowe hilo ni sauti ya spika inayorudi ndani ya mikro na kuzunguka. Usipite mbele ya spika, usielekeze mikro kwake, na usifunike kichwa cha mikro kwa kiganja kama wafanyavyo waimbaji wa video. Kukifunika kunaifanya inase sauti za pande zote. Shika mpini, iache umbali wa vidole vinne na mdomo, ikutazame wewe. Usipulize wala kugonga kujaribu, sema tu salamu yako. Ikilia, iteremshe na rudi hatua mbili nyuma ya spika, fundi atapunguza.

Umeme ukikatika, tembea hadi karibu na mstari wa mbele, punguza mwendo wa maneno, usipige kelele, endelea na sentensi uliyokuwa nayo.