Hoja kwanza, hadithi baadaye
Unauliza kama mpango wa insha juu ya filamu uanze na muhtasari wake. Hapana ndugu, hauanzi na muhtasari. Anza na hoja: sentensi moja ambayo mtu anaweza kuipinga. Chukua filamu «Lumumba» ya Raoul Peck (2000), juu ya waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. «Inaonyesha Lumumba alivyouawa» si hoja, hata mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anajua hilo. «Peck anamwacha marehemu asimulie mwenyewe, ili wauaji wasimnyamazishe», hiyo ndiyo hoja. Kisha chagua matukio matatu, uandike kwenye kaye (daftari): dakika ya ngapi, kamera iko wapi, sauti gani inasikika. Nasahihisha kazi za wanafunzi hapa Lubumbashi. Naletewa kurasa mbili za hadithi, uchambuzi mistari minne! Muhtasari mistari mitatu inatosha, labda mwalimu wako awe ameomba zaidi.