Pedali stili ina nyuzi 10, sasa kodi ya G iko wapi?

Swali: Habari mwalimu. Niko Eldoret, gitaa la kawaida nimepiga kanisani miaka 6 na kodi nyingi (noti zinazopigwa pamoja) nazijua. Mjomba ameniletea pedali stili (lile gitaa la kulazwa linalopigwa kwa chuma) kutoka Marekani, ina nyuzi 10, pedali 3 na leva 4 za magoti. Nimekaa nayo wiki 3, nikitafuta G vile nimezoea inatoka makelele tu. Nianze na nadharia ya muziki ama nipige tu sikio litazoea? Na hizi pedali kazi yake ni nini hasa?

Jibu: Nzuri ndugu, na mjomba apewe maua yake, hicho chombo huku kwetu kukipata ni kazi.

Kwanza sahau shepu za gitaa, hazitakusaidia. Huku hakuna kukunja vidole, una chuma kimoja mkononi kinachokaa juu ya nyuzi zote kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kodi (siyo ile ya KRA) inatokana na jinsi nyuzi zilivyotyuniwa pamoja na miguu na magoti yako. Sasa nikuulize, kwaya umeimba? Kama solfa unaijua, nadharia unayo tayari, tena nusu ya wanaonunua vitabu vya hii kitu hawana.

Nafikiri yako imetyuniwa kwa mpango unaoitwa E9, karibu zote za nyuzi 10 zenye pedali 3 ziko hivyo. Bila chuma, uite noti E kuwa do. Uzi wa 8 na wa 4 ni do, wa 6 na wa 3 ni mi, wa 10 na wa 5 ni so. Wa 7 na wa 1 ni re, wa 2 ni ti, na wa 9 ni ile ta ya kodi za seveni. Usishangae kwamba sauti za wa 1 na wa 2 ziko chini kuliko ya wa 3, haijakosewa, zilipangwa hivyo makusudi. Weka chuma freti ya 3, do inahama inakuwa G, donoa nyuzi za 3, 4 na 5 pamoja: mi do so, hiyo ndiyo G yako. Ukidonoa 4, 5, 6 ni G, 5, 6, 8 ni G, 6, 8, 10 bado ni G. Makelele unayosikia ni kwa sababu unafagia nyuzi zote 10 kama gitaa, na humo kuna re na ti na ta zinagombana. Donoa 3 tu, zingine zizime na ubavu wa kiganja cha kulia.

Pedali sasa. Zinaitwa A, B na C, ni majina tu siyo noti. Ya A inapandisha so iwe la. Ya B inapandisha mi iwe fa. Kanyaga zote mbili ukiwa palepale freti ya 3 unapata do fa la, yaani C, na chuma hakijasogea hata kidogo! Ukikanyaga A peke yake ni do mi la, Em. Pedali ya C inapeleka do kwenye re (uzi wa 4) na so kwenye la (uzi wa 5), ukiichanganya na B kwenye nyuzi 3, 4, 5 unapata re fa la, Am. Halafu kuna leva inayoshusha do iwe ti, hapo ni Bm. Yaani kodi karibu zote za kii ya G ziko freti moja, imebaki D tu, na hiyo unateleza mpaka freti ya 5 na A na B zikiwa bado zimekanyagwa, ukirudi freti ya 3 unaachia miguu taratibu na uko nyumbani. Ule mlio wa kulia unaousikia kwenye kantri ni huo tu, pedali inakanyagwa uzi ukiwa bado unalia. Mpigaji Bud Isaacs ndiye aliyewafanya Wamarekani wengine waitafute hiyo sauti mwaka 1954. Na isikutishe kwamba ni ya wazungu, Demola Adepoju wa Nigeria aliipiga kwenye muziki wa juju wa King Sunny Adé na ikakaa kama ilizaliwa huko.

Zoezi la mwezi mzima ni hili: freti ya 3, piga uzi wa 8 do, wa 7 re, wa 6 mi, wa 6 tena na pedali B fa, wa 5 so, wa 5 na pedali A la, wa 2 ti, wa 4 do. Imba huku unapiga, kwa sauti, hata kama majirani watasema. Hapo nadharia na mguu vinajifunza pamoja, kwa hiyo lile swali lako la kipi kianze limeisha.

Angalia vitu viwili vitatu. Chuma kinakaa juu kabisa ya mstari wa freti, siyo nyuma yake kama kidole, na jicho liwe juu yake wima maana ukiangalia kwa upande utapiga nje ya noti na hutajua kwa nini. Kwa tyuna, mi ikisoma katikati kabisa itasikika kali kidogo, wengi wetu tunaishusha kama senti 10 hadi 14 (senti 100 ni nusu toni), ndivyo hata kwaya isiyo na kinanda inavyoimba mi yake. Pia kuna gitaa zilizopangwa kinyume, C ikiwa kushoto na A kulia, kwa hiyo kanyaga moja moja usikilize uzi gani umehama uandike kwenye karatasi, na leva hivyohivyo.

Na nunua nyuzi za akiba za namba 3, hata nne. Ni nyembamba, inavutwa sana na inakatika bila kuaga, mimi iliniachia katikati ya ibada nikamalizia nyimbo mbili na 4, 5, 6 peke yake.