Baba mkwe alijeruhiwa Vietnam lakini DD 214 haina Purple Heart: tulivyofanya sisi

Dada, umeuliza hivi: baba mkwe wako alijeruhiwa mara mbili Vietnam, makovu anayo, ukoo mzima unajua, lakini cheti chake cha kuachia jeshi, yaani DD 214, hakina Purple Heart hata moja, ile nishani ambayo jeshi la Marekani humpa askari aliyejeruhiwa na adui. Unataka kujua muanzie wapi, na kama wewe uliyeolewa kwao unaweza kumwombea. Nimelipitia jambo hili na baba mkwe wangu, Mmarekani aliyekuwa askari wa miguu mkoani Tay Ninh mwaka 1968. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, maana wanawe walikuwa wameshakata tamaa. Nitajibu kwa urefu.

Nianze na sahihi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama mapema. Wewe na mimi ni wakwe, kwa hiyo hatuna haki ya kuomba faili lake la utumishi jeshini. Mzee akiwa hai, mwenye kutia sahihi ni yeye. Akishafariki, wanaotambuliwa ni mjane ambaye hajaolewa tena, wazazi, watoto na ndugu zake wa kuzaliwa, tena kwa kuambatanisha uthibitisho wa kifo. Wajukuu hawamo. Kwa hiyo fomu ijaze wewe ukipenda, lakini mzee asaini mwenyewe, kwa mkono wake, na tarehe iwepo.

Sasa tuje kwenye kiini. Jeshi halibishani nanyi kwamba mzee ana kovu. Linachouliza ni mambo matatu: jeraha lilitokana na adui? Lilihitaji kutibiwa na daktari wa jeshi? Matibabu hayo yaliandikwa wakati ule? Yote matatu yathibitike. Ukikosa moja, ombi linarudi hata kama mzee alimwaga damu ndoo nzima. Ndiyo maana picha za makovu na barua ya uchungu kutoka kwa familia hazisaidii sana. Kovu halisemi lilitokana na bomu la adui au na ajali ya lori kambini, na ajali haihesabiwi. Ugonjwa wa kiwewe cha vita nao hauhesabiwi kwa nishani hii, ingawa VA, yaani idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani, inaulipa fidia. Na neno la tabibu wa kikosi aliyefunga bandeji uwanjani peke yake mara nyingi halitoshi. Wanataka daktari, au uthibitisho kwamba jeraha lilikuwa la kiwango cha kuhitaji daktari.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni idadi. Vidonda vitano vya kombora moja ni nishani moja. Vidonda viwili vya siku mbili tofauti ndiyo nishani mbili, na ile ya pili kwa askari wa nchi kavu huonyeshwa kwa kishada kidogo cha majani ya mwaloni kinachobandikwa kwenye utepe. Jeshi la majini na wanamaji hutumia nyota ya dhahabu. Kwa hiyo muulize mzee vizuri: ni matukio mawili, au ni tukio moja na vidonda viwili?

Kwa nini nishani hizi zilipotea kwa wingi Vietnam? Kwa wengi sababu ni ya kikarani tu. Askari alipigwa, helikopta ikambeba hadi hospitali ya jeshi kama ile ya 12 ya uokoaji pale Cu Chi au ya 24 pale Long Binh, wengine wakapelekwa moja kwa moja hadi Japani, hospitali ya 249 ya Camp Drake. Wakuu wa hospitali walikuwa na mamlaka ya kutoa Purple Heart pale kitandani. Ofisa anapita, anaibandika nishani kwenye mto wa majeruhi, amri ya kumpa nishani inaandikwa hospitalini. Lakini faili la askari liko kikosini kwake, maili nyingi kutoka hapo, na yeye mwenyewe anahamishiwa kwingine au anarudishwa nyumbani kabla karatasi hazijakutana. Mwisho wa siku karani anayejaza DD 214 anaandika kilichomo ndani ya faili lililo mbele yake. Baba mkwe wangu nishani moja alikuwa nayo kwenye kabati miaka yote, lakini kwenye cheti hakuna neno.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni faili zima. Watu wengi hupeleka ombi kwa bodi ya marekebisho, ile inayosahihisha kumbukumbu za jeshi, wakiwa na DD 214 peke yake. Nawasihi msifanye hivyo. Jazeni SF 180, fomu ya kuombea kumbukumbu za jeshi, au mwombe kupitia tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa (National Archives), mkitaka faili kamili la utumishi pamoja na kumbukumbu za matibabu kutoka kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri. Andikeni wazi kwamba mnataka kurasa zote. Aliyetumikia jeshi la nchi kavu na kuondoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1, 1960 huenda faili lake liliungua katika moto wa Julai 12, 1973, uliochoma takriban asilimia 80 ya mafaili ya kundi hilo. Mzee wako wa Vietnam hayumo humo, na hiyo ni bahati kubwa kwenu.

Faili likifika, tafuteni karatasi ngumu, ndefu, yenye maandishi ya taipu na ya mkono: DA Form 20, yaani kadi ya kumbukumbu za utumishi wa askari. Kipengele cha 38 kinaonyesha alikuwa kikosi gani na lini. Cha 40 ni majeraha. Cha 41 ni nishani. Kwetu sisi kipengele cha 40 kilikuwa kimejazwa, tarehe ipo na sehemu ya mwili ipo, lakini cha 41 kilikuwa kitupu. Mke wangu alilia alipoona, kwa sababu ilimaanisha kwamba jeshi lenyewe lilikuwa limeandika, miaka yote hiyo, kwamba baba yake alijeruhiwa vitani. Kisha someni kila karatasi ya matibabu, hata yale maandishi ya daktari yanayosomeka kwa taabu. Mnatafuta maneno yanayotaja vipande vya bomu, risasi, kombora la mota, guruneti, pamoja na tarehe. Msiache uchunguzi wa afya wa kuondoka jeshini: hapo daktari mara nyingi aliandika kovu liko wapi na lilitokana na nini, na hiyo ni karatasi ya wakati ule ule.

Nje ya faili kuna hazina nyingine. Ipo orodha ya majeruhi wa Vietnam, ambayo bodi yenyewe huiangalia. Jina likiwemo, kazi imekuwa nyepesi sana. Zipo amri za jumla za Vietnam, zile zilizotangaza nishani, za kati ya 1965 na 1973, zilizohifadhiwa kwa njia inayowezesha kutafutwa kwa jina. Zipo taarifa za asubuhi, ambazo kila kombania ilizijaza kila siku: nani kaenda hospitali, nani karudi kazini. Na katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyopo College Park, Maryland, kuna shajara za vikosi na ripoti za baada ya mapigano. Hizi haziwataji askari wa kawaida kwa majina kila mara, lakini zikisema usiku wa tarehe fulani kambi ilipigwa kwa mota na watu kadhaa wakajeruhiwa, na taarifa ya asubuhi ya kesho yake ikaonyesha mzee wako kapelekwa hospitali, umeshaunganisha jeraha na adui. Kuunganisha huko ndiko kunakoshinda kesi.

Na nyumbani je? Ulizeni kwa dada zake mzee na kwa yeyote aliyerithi vitu vya mama yake. Familia zilipelekewa telegramu mtoto alipojeruhiwa, na akina mama hawakuzitupa. Barua alizoandika mwenyewe kutoka hospitali, zikiwa na muhuri wa posta wa mwezi ule, zina uzito kuliko barua ya leo. Kwetu telegramu ilipatikana kwa shangazi, ndani ya Biblia.

Jeraha la pili la baba mkwe wangu ndilo lililotutoa jasho. Alipigwa kipande cha guruneti mkononi, akatibiwa kwenye kituo cha huduma ya kwanza cha batalioni, akarudi kwa wenzake siku chache baadaye. Hakukuwa na helikopta wala telegramu. Kwa jeraha la aina hii mtahitaji mashahidi, watu wasiopungua wawili waliokuwepo, waandike hati ya kiapo. Tuliwapata kupitia chama cha maveterani wa divisheni yake. Vyama hivi vina majarida na mikutano ya kila mwaka, na wazee wale wanatafutana kwa mapenzi ya kweli. Usione haya kuwapigia simu.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nimesoma hati nyingi za watu walionyimwa. Maelezo ya bodi, bila majina ya wahusika, hutolewa hadharani na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Hati dhaifu inasema: namjua, alikuwa shujaa, anastahili nishani. Hati yenye nguvu inasema shahidi alikuwa nani na alikuwa na cheo gani siku ile, alikuwa amesimama wapi, adui alifanya nini, aliona damu inatoka wapi mwilini, nani alimfunga, nani alimpeleka kwa daktari, na alimwona tena lini. Kama shahidi hakumbuki tarehe, aseme hakumbuki, ataje tukio lililo karibu nayo. Kila shahidi aandike kwa maneno yake. Hati mbili zinazofanana neno kwa neno huharibu sifa ya zote mbili, na wazee hawa hawastahili kushukiwa. Shahidi aambatanishe DD 214 yake ikionyesha kwamba kweli alikuwa kikosi kile wakati ule.

Ushahidi ukiwa tayari, bado msikimbilie bodi. Kwa jeshi la nchi kavu, kuna ofisi ya nishani ndani ya kamandi ya rasilimali watu iliyopo Fort Knox, Kentucky. Amri ikipatikana, au karatasi zikiwa wazi, wao wenyewe wanaweza kurekebisha na kutoa DD 215, ambayo ndiyo hati ya kusahihisha DD 214. Wakikataa, wekeni barua yao ya kukataa vizuri, kwani bodi inataka kuona kwamba mlipita njia zote za chini kwanza. Ndipo mnajaza DD Form 149 kwenda kwa bodi ya marekebisho ya kumbukumbu za jeshi. Wanamaji na jeshi la majini wana bodi yao, na jeshi la anga lao. Mtaona fomu inataja ukomo wa miaka 3 tangu kosa kugunduliwa. Usiogope: bodi inaweza kuusamehe kwa maslahi ya haki, na kwa nishani za Vietnam husikiliza mara kwa mara. Lakini kisanduku hicho kijazwe, mweleze ni lini mligundua na kwa nini mmechelewa.

Wanaoamua ni jopo la raia watatu. Huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na ni juu yenu kuonyesha vinginevyo. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe maelezo mafupi: tukio la kwanza, ushahidi A, B, C, tukio la pili, ushahidi D, E. Wasiachiwe kazi ya kuchambua bunda la makaratasi. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10 na hakuna linalopaswa kupita miezi 18, basi jiandaeni kusubiri. Mkikataliwa na baadaye mkapata ushahidi mpya, mnaweza kuomba wafikirie upya. Mbunge wenu au seneta anaweza kuulizia ombi limefikia wapi mzee akisaini ruhusa, lakini hawezi kuibadilisha hukumu. VA nayo kumlipa mzee fidia kwa jeraha lile hakuilazimishi bodi. Ambatanisheni uamuzi wa VA, ila msiutegemee peke yake.

Umeuliza pia kama kuna faida yoyote. Hakuna posho ya kila mwezi inayokuja na Purple Heart. Lakini humweka mzee katika kundi la kipaumbele la 3 la matibabu ya VA kama hayuko juu zaidi, na tangu Januari 1, 2020 humpa ruhusa ya kuingia kwenye maduka ya jeshi. Husaidia pia kuthibitisha kwamba alipigana, jambo linalorahisisha madai mengine ya fidia. Na inaweza kuandikwa kwenye jiwe la kaburi ambalo serikali hutoa. Kwa baba mkwe wangu hilo la mwisho ndilo lililokuwa na maana. Alisema hataki mtu asome jina lake akadhani alikaa ofisini.

Mkiwa mmeomba, ombeni pia kumbukumbu yote ya nishani ikaguliwe. DD 215 yetu ilikuja na Purple Heart, kishada cha ile ya pili, nyota za shaba za kampeni alizoshiriki, na nishani ya kikosi kutoka kwa serikali ya Vietnam Kusini ambayo hatukujua hata kama ipo. Hizo mbili za mwisho hazihitaji mashahidi; zinatokana na kikosi na tarehe.

Umetaja kwamba mzee ameanza kusahau. Basi hilo lisingoje faili. Wiki hii mumeo akae naye, amrekodi kwa simu, asimlazimishe kufuata mpangilio: majina ya utani ya wenzake, jina la kamanda wa kombania, mvua au kiangazi, alipozindukia. Majina ya utani ndiyo yaliyotupatia mashahidi. SF 180 asaini sasa akiwa anaelewa anachosaini, na mumuone mwanasheria kuhusu hati ya uwakilishi. Bahasha ya St. Louis ikifika, andika hapa kipengele cha 40 na cha 41 vinasemaje, tutaendelea kutoka hapo.